Muhuri Chini ya Plastiki

2 Agosti

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, chumba kizima, na yule jirani wa ukuta wa pili bado anakohoa kama pikipiki iliyogoma kuwaka. Hizo ndizo salamu. Sasa kazi.

Viza yangu ya masomo inaisha tarehe 31 Oktoba. Mwaka jana niliongezewa kwa barua ya chuo na bima tu. Mwaka huu wamebadili. Wanataka na cheti cha kuzaliwa, kile halisi, si kopi, tena kiwe kimegongwa muhuri wa wizara huko nyumbani, ule wa chuma unaotunisha karatasi. Bila cheti hawapokei maombi, na nisipoyaingiza kabla ya tarehe hiyo, natakiwa nifunge mizigo. Nimebakiza mwaka mmoja, baba. Huo mwaka mmoja ndio wa kuzishika mashine za kupumulia za hospitali zenyewe, maana mpaka sasa tumeshika michoro yake tu.

Cheti kiko dukani kwako, kabati la chuma, droo ya pili, faili la kijani. Kipeleke wizarani kigongwe, kisha ukitume kwa wale wa vifurushi vya haraka. Usimtume mtu, nenda mwenyewe.

Ningepiga simu tungemaliza kwa dakika mbili, lakini uliniapia kwamba neno la simu halina saini. Haya, saini hii hapa.

Mama umwambie nakula.

Binti yako,
Sindano


21 Agosti

Sindano,

Marahaba. Cheti hicho kwenye bahasha, ila usikishike kabla hujasoma jasho lililokitoa.

Siku ya kwanza wizarani, mwenye ufunguo wa chumba cha muhuri alikuwa msibani. Siku ya pili muhuri ulikuwepo, mgongaji hakuwepo. Siku ya tatu walikuwepo wote wawili, foleni ikaishia kwa mtu wa mbele yangu. Siku ya nne nilifika kabla ya mlinzi. Akanikuta nimekaa kwenye kiti chake, akaniamkia akidhani mimi ndiye bosi mpya. Wakagonga, nikasikia kwa masikio yangu, kwaa!

Sasa, unawajua hao wa vifurushi wanavyorusha vitu vya watu. Na cheti chako ni cha siku nyingi, pale kwenye kunjo kilianza kuachana. Kukiona kinasafiri uchi nikashindwa kuvumilia. Nimekipitisha kwenye mashine yangu, plastiki nene, ile ninayowawekea wakubwa vyeti vyao vya ndoa. Hata kikiangukia mtoni kitaelea. Kwa mteja ningeiita kazi maalumu, kwako ni mapenzi ya baba.

Ukifika dirishani simama wima, ujibu unachoulizwa. Usiwe kama kaka yako. Chuo cha nje kimemkubali, sanduku jipya liko mlangoni, kaenda ubalozini kuomba viza, kaulizwa maswali mawili tu, ulimi ukaingia mfukoni! Miaka kumi na mmoja sasa. Wateja wakiniuliza kwa nini mtoto wa mwenye duka la karatasi anachomelea mageti, nawajibu kwamba yule alifeli mtihani wa dirisha. Wanacheka mpaka wanasahau chenji.

Mama yako anasema kama unakula, tuma picha.

Baba yako,
Mzee Plastiki (mtaa umenibatiza, nami nimeitika)


3 Septemba

Baba,

Salamu nitaleta nikipoa.

Nimekaa ofisi ya uhamiaji tangu asubuhi na namba 114 mkononi. Nimeitwa dirisha la sita. Pale kuna mama mmoja mwenye miwani ya kamba, na ana mtindo wake: akipewa cheti hasomi kwanza, anafumba macho na kuupapasa muhuri kwa kidole gumba. Akakipokea changu, akafumba macho, kidole kikateleza. Akarudia, kikateleza tena. Akafumbua macho.

"Nani amefanya hivi?"

"Baba yangu," nikasema. Tena nilisema kwa kujivuna, nikidhani anasifu kazi.

Akanionyesha tangazo ukutani nyuma yake, herufi kubwa kama za kwenye lori. Hati halisi iliyovishwa plastiki haitambuliwi. Muhuri haupapasiki, na chini ya plastiki mtu anaweza kuwa amefuta na kuandika anachotaka. Akakirudisha kwa kidole kimoja, akaita 115.

Nyumbani nikajaribu kukibandua kwa wembe, kona moja tu. Plastiki ikatoka na herufi tatu za jina la mama. Kwa hiyo sasa ni takataka ya kudumu, hailowi wala haichaniki. Hongera.

Nilikuomba mambo mawili, kigongwe na kitumwe. La tatu nani alikuomba? Umeshika karatasi za watu maisha yako yote, hujawahi kuuliza hata siku moja zinapokelewaje huko zinakokwenda? Wenzangu wote walileta makaratasi yao yamekunjwakunjwa, mengine yana alama ya kikombe cha chai, wakapita. Mimi mwenye cheti kinachong'aa ndiye niliyerudishwa!

Zimebaki siku hamsini na nane. Nenda ofisi ya vizazi, omba cheti kipya, kigongwe, ukitume kama kilivyo. Usikiguse zaidi ya hapo.

Sindano


12 Septemba

Sindano,

Barua yako haikuwa na shikamoo. Nimeisoma mara mbili nikiitafuta.

Tangu ninunue ile mashine nimevisha vyeti vingi kuliko nywele za kichwa chako. Vya kuzaliwa, vya shule, vya ubatizo, vya talaka. Hajarudi hata mmoja kulalamika. Hata mmoja! Leo mwanamke mmoja wa huko mbali kakosa cha kupapasa, imekuwa kazi yangu ya miaka yote ni uchafu?

Rudi kwake mwambie apapase kwa nguvu. Akikataa, mwite mkubwa wake. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, najua, lakini nawe usikubali kufungwa kila kamba unayooneshwa.

Na ofisi ya vizazi siendi. Nikaseme nini? Mimi, ambaye makarani wa pale wananiletea kazi zao wenyewe, nikasimame mbele yao niseme nimeharibu cheti cha mwanangu? Wanasema hasira hasara. Basi na iwe hasara.

Kaka yako aliporudi na sanduku lake angalau alikaa kimya. Alifeli, lakini hakunitukana.

Mama yako kasusa tangu aisome barua yako na kuona ninavyoijibu. Anapika, anaweka mezani, hamsemeshi mtu.

Baba yako


19 Septemba

Kaka Cheche,

Nakuandikia karakana moja kwa moja, kwa sababu kwenye simu nikitaja mambo ya zamani unawasha mashine ya kusaga chuma na kusema hunisikii. Barua haina mashine.

Bila shaka Mzee amekutangazia upande wake. Upande wangu ni kwamba amekivisha cheti changu plastiki na uhamiaji wamekikataa. Sasa amenuna, haendi kuomba kingine. Nikikosa cheti kabla ya tarehe 31 Oktoba, mwaka wangu wa mwisho umekwenda na maji. Nakutumia hiki kilichoharibika, najua ofisi ya vizazi watadai ukirudishe. Nakuomba kwa magoti, nenda wewe. Una hasira na makarani kuliko binadamu yeyote ninayemjua, safari hii itumie.

Lingine. Yule mama wa dirisha la sita aliposema sheria hiyo ni ya siku nyingi na ofisi za viza karibu zote zinayo, nilikukumbuka wewe. Nilikuwa na miaka kumi, lakini nakumbuka Mzee alikuita sebuleni kukukabidhi cheti, nakumbuka kiling'aa. Mimi ndiye niliyekishika nikakitumia kama kioo.

Kaka, ubalozini ulikataliwa kwa nini hasa? Nijibu kwa wino.

Mdogo wako,
Sindano


28 Septemba

Sindano,

Nimekwenda vizazi siku ileile bahasha ilipofika, na ovaroli langu la kazi. Karani alitaka nirudi kesho nikiwa nimevaa vizuri. Nikamwambia naweza kuja kesho nimevaa vizuri ila nitakuja na mtungi wa gesi. Akapokea fomu. Cheti tarehe 13 Oktoba, halafu wizarani kwa muhuri. Utakipata.

Na swali lako. Niliulizwa maswali mawili, hapo Mzee hajakosea. La kwanza, hiki ni cheti chako? La pili, nani amekifunika? Yote nilijibu vizuri tu. Wakanipa kikaratasi cha kukataliwa chenye sababu yake, mstari mmoja: hati halisi imevishwa plastiki. Chuo kilikuwa kinafunga milango baada ya siku tisa. Siku tisa kwa cheti kipya haziwezekani, wewe mwenyewe unaona.

Mashine ile ilikuwa na wiki moja dukani. Cheti changu ndicho cha kwanza kupita. Aliwaita majirani waje watazame, akampiga mama makofi ya furaha mgongoni, akasema sasa watoto wa nyumba hii karatasi zao hazitaoza. Ningerudi kumwambia kwamba mashine yake mpya imenifungia mlango? Nikasema nilishikwa na kigugumizi. Nilidhani yataisha wiki moja, akageuza kuwa hadithi ya kuwachekesha wateja, na kila alivyoisimulia ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kumwambia.

Kikaratasi ninacho, kwenye kisanduku cha elektrodi za kuchomelea. Usimwambie, nakuomba. Amezeeka. Mimi nimeshazoea.

Cheche


5 Oktoba

Kaka,

Asante kwa ofisi ya vizazi. Asante kwa mtungi wa gesi. Shukrani zimeishia hapo.

Nimekilia kikaratasi chako, halafu nikapiga hesabu ya miaka nikaacha kulia, nikapandwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo hata kwa yule mama wa dirishani. Ulijua! Miaka kumi na mmoja ulijua plastiki inaua hati, ukakaa karakana hatua ishirini kutoka dukani kwake, ukimwona anawavisha watu vyeti vyao asubuhi hadi jioni. Ulijua mimi naondoka kwenda nje. Ulinibebea begi mpaka kwenye basi. Hukufungua mdomo useme, mdogo wangu, cheti chako kisipite kwenye ile mashine.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Wewe umeficha maradhi, kifo ukaniachia mimi.

Unaniambia umezoea. Umezoea nini? Kuchekwa? Na mimi nilicheka, Kaka. Nilikua nikicheka ile hadithi. Shuleni nilikuwa naiigiza, ulimi mfukoni, wenzangu wanashika mbavu. Uliniacha nikucheke miaka yote hiyo kwa jambo ambalo hukulifanya, halafu unaiita huruma. Kwangu si huruma. Ulimhurumia yeye ukatuvika sisi wengine plastiki.

Na wale wateja je? Kuna watu wangapi mtaani wamerudishwa dirishani na vyeti vinavyong'aa, wakadhani ni mkosi?

Mwambie. Nakupa mpaka siku cheti changu kitakapotumwa. Kikifika huku bila yeye kujua, nitamwandikia mimi, na unajua kalamu yangu haina breki.

Sindano


17 Oktoba

Sindano,

Cheti kipo ndani. Kimegongwa jana. Kiko uchi kama alivyozaliwa mwenyewe. Nimekitia kati ya makaratasi mawili magumu, basi. Kikilowa, kimelowa.

Nimekwenda mwenyewe kukichukua, vizazi na wizarani. Kaka yako alitaka kwenda, nikamwambia akae. Karani wa vizazi ni yule ninayemvishia picha za watoto wake. Nilimwambia kwa sauti, watu wakiwepo, kwamba mimi ndiye niliyeharibu kile cha kwanza. Akaniambia, "Mzee, mbona tunavipata vingi vya namna hiyo kutoka mtaani kwenu." Vingi! Haraka akajifanya anatafuta kalamu.

Sasa nikueleze ya kaka yako. Aliingia dukani saa nne asubuhi, na ovaroli, na duka lina wateja. Akafunua mashine ya fotokopi, akaweka kikaratasi juu ya kioo. Nikamuuliza, "Kopi ngapi?" Hakujibu. Nikasema, "Wewe na maswali ya dirishani hamwezani," wateja wakacheka. Ndipo nikakichukua nikakisoma. Nilisoma tarehe, nikasoma jina lake, nikasoma ule mstari. Nikawaambia wateja duka limefungwa.

Nina hasira naye, nawe usimtetee kwenye barua. Mnanifanya mimi nani? Gudulia la kufungwa kamba lisivunjike? Miaka kumi na mmoja mwanangu ananitazama nikimdhihaki mbele za watu na anainama anaendelea na kazi. Angenipiga ningeelewa. Na mtaa mzima ulijua! Nesi wa zahanati aliwahi kuja kuniuliza kama plastiki inabanduka. Nikamcheka, nikamwambia kazi yangu haibanduki. Fundi saa naye aliacha kuniletea vyeti, akawa analeta picha tu. Kila mmoja alikwenda kimyakimya kuomba kipya, akarudi kuniamkia, habari za kazi Mzee Plastiki. Nami naitika!

Niliandika kwamba hajarudi hata mmoja kulalamika. Barua hiyo ukiwa nayo, ichane.

Hasira nyingine ni yako wewe, kwa kukosa shikamoo, na hiyo bado ipo. Lakini uliuliza nani alikuomba la tatu. Hakuna aliyeniomba. Sijui kumpa mtu kitu bila kukifunika.

Kaka yako hajaniuliza neno tangu siku ile, nami sijamwambia neno. Kikaratasi kimebaki kwangu. Mama yako sasa anatusemesha, na afadhali angeendelea kususa.

Simama wima dirishani.

Baba yako


26 Novemba

Baba, shikamoo. Shikamoo nyingine ya ile barua ya tarehe 3 Septemba, na nyingine ya akiba. Na Kaka Cheche, barua hii ni yenu wote wawili, someni pamoja hata kama hamsemezani.

Cheti kilifika tarehe 26 Oktoba, kona moja imelowa. Tarehe 27 nilikuwa dirisha la sita. Mama wa miwani akafumba macho, akaweka kidole gumba. Kidole kilikwama, kikapanda kwenye muhuri, kikazunguka herufi zake moja moja. Akafungua macho akagonga maombi yangu. Mimi sikusema asante. Nilikuwa nimekasirika mno kwamba maisha ya mtu yanakaa chini ya kidole cha mtu.

Leo jibu limetoka. Nimeongezewa mwaka mzima. Jumatatu tunafungua mashine ya kupumulia ya kwanza, mpaka ndani.

Baba, sijapoa. Nitapoa, lakini si kwa amri. Ulimcheka mtu miaka kumi na mmoja kwa kosa lako. Hukujua, sawa, lakini kumcheka mwanao mbele ya wateja hakukuhitaji kujua chochote.

Kaka, una miaka thelathini na mmoja. Chuo changu kina kozi ya ufundi wa vyuma, na wapo wanafunzi wenye mvi. Omba. Cheti chako kipya Mzee akifuate, na picha ya pasipoti akupige yeye, na uisimamie mpaka itoke.

Sindano


8 Desemba

Sindano,

Tumeisoma pamoja. Alisoma Mzee, kwa sauti, mpaka pale "sijapoa". Hapo akanipa miwani yake nimalizie mimi.

Siombi chuo. Usianze kunoa kalamu, nisikilize. Nina karakana, nina mafundi wanne, na mageti ya nusu ya mtaa huu yamefungwa kwa mkono wangu. Kwenda nilikutaka nikiwa na miaka ishirini. Baada ya hapo nilichotaka ni kimoja tu, aache kuisimulia ile hadithi. Kwa hilo nilikuwa na hasira kila siku ya kazi. Ulipouliza nimezoea nini, nilitupa barua yako kwenye ndoo ya maji, kisha nikaitoa kuianika.

Kwa vyeti vya watu ulisema kweli, na hilo halina utetezi. Nimechomelea kibao cha chuma, Mzee akaandika mwenyewe kwa rangi: VYETI HALISI HATUVISHI PLASTIKI, HATA UKIOMBA. Kimesimama mlangoni. Jioni anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, anauliza nani ana cheti kilichopita kwake, anamwambia akaombe kipya kabla hakijahitajika. Wengine wanamkaribisha. Wengine wanamfokea mlangoni, naye anasimama anafokewa mpaka waishe. Sijamsindikiza hata siku moja. Labda wiki ijayo.

Ila kuna jambo alilifanya bila kuniuliza, na nilitaka kumvunjia mashine kwa nyundo. Kile kikaratasi changu cha ubalozini amekivisha plastiki. Ile nene, ya vyeti vya ndoa. Amekitundika ukutani juu ya mashine, usawa wa macho ya mteja. Jina langu amelifunika kwa kipande cha karatasi nyeupe, mstari wa sababu ameuacha wazi.

Niliingia kukibandua. Nimefika mlangoni nikakuta mteja mgeni, kijana wa kuomba viza, anakisoma. Akamuuliza, "Mzee, huyu aliyekataliwa ni nani?"

Nikasimama nisikie. Nilijua hadithi inavyoanza, naijua kwa moyo.

Mzee hakugeuka, alikuwa anapanga karatasi.

"Ni mimi," akasema.

Cheche